Pete za Sonara

"Chagua uhunzi, bonyeza, tuendelee," Kufuli alisema nyuma ya kiti. "Hapa si dukani, useme unachagua viatu."

Sindano hakubonyeza. Kwenye kioo cha kompyuta alisimama mhusika wake mpya, mwanamke wa katuni mwenye nywele nyekundu na begi tupu mgongoni, na mchezo unamuuliza: utajifunza ufundi gani? Mhunzi, mshonaji, mchemsha dawa, sonara. Chini kulikuwa na onyo: ukishachagua, hakuna kubadilisha.

Mhusika wake wa kwanza alikuwa mhunzi. Miezi minne alimtumia kufua panga za kwenye mchezo, na mabosi walio nje wakaziuza kwa wachezaji wenye pesa na uvivu. Wenye mchezo waliposhtuka, wakamfuta. Ndiyo maana leo anaanza upya.

Kabla ya hapo Sindano alikuwa fundi cherehani, mtu na heshima zake. Akaona tangazo la kazi ya ofisini, akafunga begi. Ofisi aliikuta, tena kubwa: kompyuta kumi na mbili, watu kumi na wawili, madirisha yamepakwa rangi nyeusi, kamera darini, na mlango wa chuma. Simu zilikusanywa siku ya kwanza, eti kwa usalama. Hata sehemu ya kuandikiana na wachezaji wengine ilizibwa. Unawaona watu wa dunia nzima wakikimbia mbele yako na huwezi kumwambia hata mmoja "habari".

Halafu kuna huyo Kufuli. Jina alipewa na Shangazi, mama wa makamo aliyekaa kiti cha jirani, ambaye ulimi wake haukuwahi kufungwa na mtu. Kufuli alilala kwenye benchi mlangoni. Saa ya chakula ikifika, yeye ndiye aliyegonga chuma mara tatu. Mkono wa nje ukasukuma sufuria, mlango ukafungwa. Kila mchana alipita kukagua begi la kila mhusika. Na mwenzao mmoja, muashi, alipojaribu kuvunja dirisha, ni Kufuli aliyewaita walio nje. Muashi alitolewa akiburutwa, na kiti chake kilibaki kitupu. Sindano alimchukia Kufuli kwa roho yake yote.

"Nataka usonara," alisema.

"Panga ndizo zinazouzika."

"Zilikuwa. Siku hizi wachezaji wanaoana humo humo mchezoni. Kila harusi inataka pete."

Shangazi akacheka. "Lo! Watu hawana kazi. Mtu anaoa katuni!"

Kufuli hakucheka. Aliguguna ukucha. "Zisipouzika, atakayeulizwa ni mimi."

"Zitauzika."

"Haya."

Sindano akabonyeza kabla Kufuli hajageuza mawazo. Jambo ambalo hakumwambia ni hili: katika mchezo ule, sonara peke yake ndiye anayeruhusiwa kuchonga maneno ndani ya kitu alichotengeneza. Herufi thelathini, si zaidi. Alizihesabu usiku na mchana kichwani mwake. "Tumefungiwa. Piga", halafu namba ya kaka yake, dereva wa lori. Namba hiyo aliijua kwa moyo, na yote yalienea kwenye pete. Mtu mmoja tu mwenye huruma apige, kaka angepindua nchi nzima kumtafuta.

Wiki ya kwanza alitengeneza pete za kawaida tu: "Nakupenda", "Wako daima", "Mke wangu wa pili". Zikauzika kama maandazi ya moto. Kufuli akakagua, akasoma, akapita.

Wiki ya pili akachonga ya kwanza ya namba. Akaipeleka sokoni kwa bei ya kutupa, ikanunuliwa kabla hajavuta pumzi. Akachonga nyingine, na nyingine. Zilifika saba. Kila mlango ulipofunguliwa alidhani ni kaka.

"Mwenzangu," Shangazi alinong'ona bila kugeuza shingo, "unatabasamu. Humu ndani hatutabasamu. Acha."

"Mfa maji haachi kutapatapa, Shangazi."

"Tapatapa, lakini usitutie maji sisi wengine."

Pete ya nane aliimaliza asubuhi. Ikiwa bado begini, Kufuli akaja kabla ya wakati wake. Aliinama juu ya bega la Sindano, akashika kipanya, akafungua begi. Akabonyeza pete. Maneno yakatokea kwenye kioo, makubwa, kila herufi mahali pake.

Shangazi aliacha kubonyeza. Sindano akakiona kiti cha muashi kwa pembe ya jicho. Alitafuta la kusema: ni mzaha, ni mteja aliyeagiza hivyo. Kwisha, alijiambia. Nimekwisha, na Shangazi wa watu nimemponza.

Kufuli akasogea, mgongo wake ukaiziba kamera ya darini. Akaiweka pete sokoni kwa mkono wake mwenyewe, kwa bei ile ile ya kutupa. Kisha akamwinamia Sindano hadi sikioni.

"Inayofuata, chonga namba ya mama yangu," alinong'ona. "Mwaka wa tatu huu hajui nilipo." Akaanza kuitaja, tarakimu moja moja.