Shoka la Darini

Delphine aliteremka ngazi ya dari na shoka mkononi, akatoka nalo barazani. Mwezi ulikuwa haujaisha tangu apange nyumba hiyo ya Baton Rouge, nyuma ya tuta la mto.

"Mama, nimelikuta limetundikwa darini," alimwambia bibi jirani. "Nitachanjia kuni za kuchomea nyama."

Bibi aliacha kumenya kamba wa mchuzi. "Lirudishe, mwanangu."

"Kwa nini? Mwenye nyumba ameniapia maji hayajawahi kufika hapa."

"Ameapa, eti. Mto ukifurika watu hukimbilia darini. Maji yakikufuata huko, paa utalitoboa kwa meno? Mimi ndiye niliyelitundika tena. Aliyekutangulia alikuwa amelishusha, kama wewe."

"Naye alihamia wapi?"

Bibi aliwainamia kamba wake.

Mvua ilianza kudondoka. Delphine alipanda tena darini na shoka, akamulika tochi kuutafuta msumari wa kulitundikia. Kando ya msumari, mbao za paa zilikuwa na mikwaruzo mirefu, minne minne, na katika mmojawapo kipande cha ukucha kilichopakwa rangi nyekundu kilikuwa bado kimenasa.