Kwa Nini Mfalme Alikula

Asubuhi tulirudi kutoka hospitali bila binti yetu. Nilioga, nikavaa shati safi, nikaketi mezani na kuanza kula kiporo cha wali.

Dada wa mke wangu alisimama mlangoni, amekumbatia blanketi la mtoto. "Shemeji, unakula?"

Kijiko kilikuwa kile cha plastiki cha binti, mpini umejaa alama za meno yake. Nilizipapasa kwa kidole gumba, nikaendelea kutafuna.

Chuoni nafundisha maandiko ya Kiebrania. Kuna mfalme aliyefunga na kulala chini mwanawe alipougua. Mtoto alipofariki, akainuka, akaoga, akaagiza chakula. Kila mwaka wanafunzi huniuliza aliwezaje kula. Mimi huwajibu kwamba ni imani, nao huandika.

Sasa niliitafuta hiyo imani. Nikakuta njaa tu.

"Wiki nzima hukugusa hata chai," shemeji alisema. "Leo ndiyo unakula?"

"Nilikuwa nimefunga, namwombea apone."

Alisubiri niendelee.

"Shemeji," nikasema, "nisogezee chumvi."