Panya Asiye na Doa

"Huyu anakohoa," Kinyaa akasema, akamrudisha panya kwenye kizimba.

Mtegaji wa panya akamtazama. Tangu mama yake amzae hajasikia panya akikohoa, lakini mwenye chatu ndiye mwenye masikio.

Kwa mtegaji, hii ilikuwa mara ya tatu leo kupanda ngazi za chuma za uani hadi chumba hiki cha juu, chenye harufu ya vitunguu vinavyokaangwa. Kwenye sanduku la kioo, chini ya taa, chatu aitwaye Bibi Harusi alikuwa amejikunja, ngozi imemlegea. Wiki ya sita hajala. Chatu mwenzake alimeza panya mwenye sumu, akafa. Tangu hapo Kinyaa hamwamini panya yeyote.

"Haya, huyu wa ghalani."

"Ghala zima lina sumu. Unataka nizike tena?"

"Wa hospitali?"

"Amekula vidonge vya watu."

"Wa gereji, basi. Kijana mtanashati."

"Nusu yake grisi."

"Bosi, unamtafutia chakula au mchumba?"

Kinyaa akavaa miwani, akamshika wa mwisho, wa kufugwa, mweupe kama pamba. Akamkagua meno, kucha, mpaka nyuma ya masikio. Kuna watoto wa watu hawajawahi kupimwa hivyo.

Ukutani kitu kikakwaruza. Mtegaji akaruka.

"Bosi! Unanizungusha mji mzima, kumbe chini kwako panya wamejaa? Nimewaona pale uani, wana vitambi kama wakurugenzi! Nikutegee wawili, bure kabisa."

"Wale?" Kinyaa akaukinga mlango wa sanduku kwa mwili wake. "Dada, wale wasimkaribie mwanangu. Najua wanachokula."

Mweupe akafaulu mtihani. Mtegaji akamnyonga kwanza, asije akamng'ata Bibi Harusi. Chatu akanusa, akatafakari, kisha akaanza kummeza taratibu. Kinyaa akafuta machozi kwa kiganja.

"Umeniokolea mtoto, dada. Umehangaika tangu asubuhi, na huna hata chai tumboni. Njoo."

Akamshusha kwa ngazi za ndani. Huko chini, kwenye mgahawa wake, kulikuwa na meza ishirini, zote zimejaa watu walioinamia sahani. Kinyaa akafunga aproni, akafunua sufuria kubwa, akachota upawa uliojaa.

"Kaa hapo, nikupakulie. Hutoki kwangu na njaa."