Mlio wa Ekseli

Tangu ekseli ilipokatika mlimani na gari kurudi kinyumenyume hadi ukingoni mwa korongo, Zamda hakulipanda tena. Vyungu vyake alivipeleka sokoni kwa kichwa. Kibwana, mumewe, ndiye aliyekuwa ameiinua pikapu ile juu zaidi na kuivika matairi makubwa, halafu akaiachia ekseli ileile nyembamba isiyoweza kuyahimili.

Leo alimbembeleza mkewe waende pamoja kwenye yadi ya vyuma chakavu.

"Chukueni hii," alisema muuzaji, akipapasa ekseli iliyopakwa rangi ikang'aa. "Imetoka kwenye lori, mama."

Zamda aliokota spana, akaigonga ekseli kama anavyogonga chungu kabla ya kumpa mteja, akatega sikio. Mlio ulikufa palepale.

"Ina ufa."

Akagonga nyingine, na nyingine. Ya mwisho ilikuwa nene, imejaa kutu, imetupwa nyuma ya mabati. Alipoigonga ililia ngaaa, sauti ikazunguka yadi nzima hata mbwa akainua kichwa.

"Hii hapa, Baba Shani," alimwambia mumewe.

"Sasa utapanda?" Kibwana aliuliza.

Zamda alimtazama tangu kofia hadi viatu. Kisha akamgonga kifuani kwa kifundo cha kidole, akatega sikio. Kibwana akabana pumzi.

"Kutu tupu, ufa hakuna," Zamda akasema, akaangua kicheko.

Kibwana akashusha pumzi, ndefu, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Alipoinama kuinua ekseli, mkewe alikwisha kushika ncha ya pili.