Amri ya Kuruka Juu

Zama nguchiro walipokuwa na jeshi, Mkwepu ndiye aliyekuwa bingwa wa kupigana na nyoka, basi wakamfanya jemadari. Tangu hapo hakushuka tena uwanjani. Alikaa juu ya kichuguu, akipaza sauti: "Rukeni juu!"

Siku moja askari wawili waliruka juu, wakaumwa, wakafa. Jemadari akasema walikuwa wazembe.

Bikiza, msaidizi wake, akamsihi: "Afande, shuka ufanye mazoezi nasi. Nyoka wamebadilika."

"Mazoezi ni ya walio chini," akajibu. "Mimi nimeshahitimu."

Haukupita muda, swila akakipanda kichuguu kwa nyuma. Mkwepu akaruka juu kama zamani. Swila hakuhangaika naye. Alifumbua kinywa akangoja atue. Bikiza akaja akitambaa, akamkamata swila kooni, akamuua.

Jemadari akatua, akautazama mzoga.

"Kumbe wale wawili hawakuwa wazembe," akasema. "Walinitii."

Kesho yake alikwenda kwa mama zao kuomba radhi, kisha akaingia mstarini pamoja na askari wapya. Bikiza akaamuru, "Tambaa!"

Jemadari akatambaa.