Mlango wa Potasiamu

Mume akikata roho kwenye kochi, mke alikuwa jikoni anasuuza vikombe.

"Dada, njoo," mdogo wake aliita kutoka sebuleni. "Shemeji anakufa huku."

"Hafi. Mwekee mto asijigonge."

Moyo wa jiwe huo. Mdogo mtu, ambaye tangu harusi yao hakuwahi kuwatembelea hadi leo, alikuwa na pumu toka utotoni. Kukosa pumzi alikujua. Akatoa pampu yake mkobani, akamsogezea shemeji mdomoni. Shemeji akaisukuma kando.

"Hiyo... ya mabibi," akasema, kifua kikilia filimbi. Msomi hata akihema, anahema kwa mpangilio. "Nipe... ile chupa... mezani."

Chupani mlikuwa na dawa aliyoibuni mwenyewe kule maabara. Miaka nenda rudi alining'iniza vipande vya koo la mbuzi katika maji ya uvuguvugu, akavidondoshea dawa, akangoja vilegee. Vikalegea. Lakini mbuzi hampi mtu uprofesa. Alihitaji binadamu mwenye pumu wa kuijaribu, na kila aliyemwomba alikumbuka ghafla kwamba ana safari.

Shemeji alipopewa chupa, akavuta mara moja, akafumba macho. Pumzi ikashuka taratibu, maneno yakapanda mbio.

"Sikiliza, shemeji. Seli za msuli wa njia ya hewa zina milango. Mlango wa kalisi ukifunguka, kalisi inaingia, msuli unajikaza, wewe unakabwa. Mlango wa potasiamu ukifunguka, potasiamu inatoka, ule wa kalisi unajifunga, msuli unalegea. Sasa dawa yangu ndiyo bawabu. Inaiambia potasiamu, pita mama, pita."

"Na imepita kweli," mdogo mtu alisema, machozi yakimlenga.

"Si umeona kwa macho yako? Ila haipatani na hizo pampu zenu. Ukitaka kuanza kesho, ya kwako itupe leo."

Akainuka kama aliyefufuka, akaenda bafuni kunawa uso.

"Kamaliza?" mke akauliza kutoka jikoni. "Mwambie chai inapoa."

Mdogo wake akamfuata huko huko, pampu mkononi, uso umekunjamana. Akafunua pipa la taka.

"Dada, samahani, lakini leo umenishangaza. Mtu anakabwa hivyo nawe hugeuzi hata shingo. Mimi nimeshakubali. Dawa ya mtu asiyejua pumu nisingeigusa, ila huyu mwenzangu, anaumwa ninachoumwa." Akanyoosha mkono juu ya pipa. "Wala hukuwahi kuniambia. Hivi pumu ilimwanza lini?"

Dada akamdaka kifundo cha mkono kwa vidole vyenye povu.

"Ulipobisha hodi."