Waya wa Nyuma ya Kabati

Fundi aliinua ncha ya waya iliyojaa vumbi. "Mama, kompyuta haikuharibika ilipojisasisha. Waya wa intaneti umechomolewa."

"Panya hao," nikasema.

"Panya mwenye vidole?"

Nikacheka. Fundi katumwa na binti yangu aliye ng'ambo, mwenye mimba ya miezi tisa. Siku nne nzima namwambia kwa simu: kompyuta imejisasisha, picha ya video haiji, subira mwanangu, baba yako amelala.

Sikudanganya sana. Amelala kweli, tangu Jumatatu, kaburini.

"Fundi, usiuchomeke," nikasema.

Mikono ya fundi haina masikio. Taa ya kijani ikawaka, kompyuta ikaita papo hapo. Nyuma yangu kitanda cha baba yake kilikuwa kitupu, godoro limekunjwa.

"Ni binti yako," fundi akasema, akapokea.